Kumuenzi Angelo Pellegrini: Anza na Tuta la Mrihani

Angelo Pellegrini alifika Marekani mwaka 1913 akiwa mtoto, akitokea Toscana, Italia. Alikulia McCleary, jimbo la Washington, kisha akafundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na mwaka 1948 akatoa kitabu cha The Unprejudiced Palate. Bamba la kumbukumbu ni jema, lakini mtu aliyeamini kwamba mlo mzuri huanzia uani anastahili tuta. Zao linalomfaa ni mrihani, kwa sababu mwaka 1946 jarida la Sunset lilichapisha pesto yake, mchuzi wa majani ya mrihani ambao Wamarekani wengi hawakuwa wameuonja.

Adui wa mrihani huko Seattle ni baridi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, majani hupata mabaka meusi na mche hudumaa, kwa hiyo jua la Mei lisikudanganye. Sia ndani katikati ya Aprili, kina cha nusu sentimita, na uhamishe mwanzoni mwa Juni, kando ya ukuta unaotazama kusini, nafasi ya sentimita 25. Weka trei ya miche ndani ya sinia la maji inywe kwa chini. Udongo wa juu ukishinda umelowa, kinyausi, ugonjwa wa ukungu, hukata miche shinani.

Mche ukifika sentimita 15, kata ncha juu kidogo ya jozi ya pili ya majani. Hapo huchipua matawi mawili. Wengi huchuma majani makubwa ya chini, na hapo ndipo wanapoharibu: mmea hurefuka, huchanua mapema, na majani huwa machungu.

Pesto ya watu wanne: majani gramu 60, punje moja ya kitunguu saumu, mbegu za msonobari gramu 30, jibini ya Parmesan gramu 50, mafuta ya zeituni mililita 90. Twanga kwanza kitunguu na chumvi, kisha mbegu, majani, jibini, mafuta mwisho. Blenda inafaa, ila ipoze kwanza kwenye friji, maana joto lake huyafanya majani yawe meusi. Usiipike pesto: jibini huganda mabonge. Ilegeze kwa vijiko viwili vya maji ya pasta.

Isiachwe mezani usiku kucha. Kitunguu saumu kibichi kilichozama kwenye mafuta kinaweza kuzalisha sumu ya botulismu. Igandishe, jibini uongeze baadaye.

Acha shina moja lichanue. Panda aina moja tu, nyuki wasichanganye mbegu. Vikonyo vikikauka rangi ya kahawia, vifikiche, pepeta, na uwagawie wageni mbegu kwenye bahasha za karatasi zenye mwaka.