Kuachanisha masaa hakuondoi hatari

SWALI: Mama yangu ana miaka 68 na moyo wake umetanuka. Kila siku anameza digoksini 0.25 mg ya moyo na Lasix 40 mg ya kukojosha maji. Juzi kwa ajili ya kifua aliandikiwa antibayotiki ya klarithromaisini 500 mg, kutwa mara mbili. Muuza dawa katuambia aache masaa manne katikati zisigongane. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, hata akiacha kumi na mawili. Ushauri huu umeenea kwenye maduka ya dawa na unachosha. Asili yake ni dawa kama siprofloksasini, zinazonaswa tumboni na vidonge vya kuongeza damu au vya kiungulia. Huko nafasi inasaidia. Ugomvi wa mama yako hauishii tumboni. Digoksini huchukua siku moja na nusu hadi mbili kupungua nusu, na figo zikichoka huchukua zaidi. Klarithromaisini huziba njia ambayo figo huitolea digoksini, hivyo kidonge cha kesho kinapanda juu ya mabaki ya leo. Lasix nayo inamwaga madini ya potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka, digoksini ileile inakuwa kali zaidi kwa moyo.

Asianze klarithromaisini mpaka daktari wake wa moyo ajue. Antibayotiki nyingine zipo. Kama ameshaanza, aonwe leo, apimwe potasiamu, kreatinini (inayoonyesha hali ya figo) na umeme wa moyo. Mhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, si sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mapigo yanayoruka hayahesabiki kwa mkato. Yakiwa chini ya 60, au akikosa hamu ya kula, akitapika, akiona vitu vya manjano au akizimia, asimeze digoksini inayofuata, mkimbizeni hospitali.

Kutapika huko ndiko wengi hukuita malaria kabla ya kupima, mgonjwa akaongezewa dawa mseto. Lumefantrini iliyomo hurefusha muda wa moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, na klarithromaisini ilikuwa imeshaurefusha. Wengine humpa sanamaki "kutoa sumu". Kuharisha kunamaliza potasiamu iliyobaki! Na anayekwambia majani hayana madhara hajui kwamba digoksini yenyewe imetokana na majani.

Ukienda kununua dawa yoyote ya mama, beba pakiti zake zote. "Kile cheupe kidogo cha moyo" hakimwambii mfamasia kitu.