Msitaje asilimia ya mzabuni yeyote kabla hamjajua ni fedha gani haimo kwenye orodha

Mleta mada, msiende mbele ya madiwani na hizo asilimia. Umeandika kwamba kikundi chenu cha Nachingwea kimepakua orodha ya mikataba ya halmashauri, kimejumlisha thamani zake na kuona wazabuni watatu wamebeba zaidi ya nusu ya fedha, na sasa mnauliza mtumie kipimo gani, mchoro gani, na mualike redio ipi. Sisi tulipita njia hiyo hiyo Masasi miaka michache iliyopita, na aliyeumia ni mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Orodha yetu ilikuwa ya mikataba iliyopitishwa na bodi ya zabuni kwa mwaka mmoja wa fedha. Juu kabisa alikaa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi, akiwa na karibu theluthi mbili ya thamani yote. Tuliisoma takwimu hiyo kwenye mkutano wa hadhara wa kata, tukamtaja kwa jina la duka lake, na watu wakapiga makofi kwa sababu kila mtu tayari alikuwa na hisia kwamba zabuni zinazunguka kwa wachache. Siku chache baadaye alikuja ofisini kwetu na faili. Hakufoka. Alipanga mezani nakala za LPO, yaani hati za halmashauri za kuagiza bidhaa, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imebanwa pamoja na hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu, na chini yake karatasi ya benki inayoonyesha alicholipwa. Baadhi ya hati hazikuwa na karatasi ya benki kabisa, maana alikuwa bado anaidai halmashauri.

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumekisoma. Mkataba wake mkubwa ulikuwa mkataba maalumu, yaani makubaliano ya bei tu: halmashauri inakubaliana na wauzaji kadhaa bei za mwaka mzima, kisha shule au idara ikihitaji bidhaa inamwagiza mmoja wao. Thamani iliyoandikwa ilikuwa makadirio ya mahitaji yote ya mwaka. Maagizo aliyopata yeye yalikuwa sehemu ndogo ya makadirio hayo, na malipo yalikuwa madogo zaidi. Sisi tulichukua makadirio tukayaita mapato yake.

Kibaya zaidi, mwaka ule ule shule na zahanati za wilaya zilikuwa zikijengwa kwa fosi akaunti, yaani bila kumpa mkandarasi kazi nzima. Fedha ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kamati ya ujenzi inatafuta fundi, kamati ya manunuzi inakwenda dukani kununua saruji, nondo, mabati na mbao, na kamati ya mapokezi inahesabu mzigo. Hakuna hata shilingi moja ya ununuzi huo iliyokuwa kwenye orodha yetu. Tulipozunguka shuleni baadaye na kuomba kuona stakabadhi, jina la mfanyabiashara mwingine lilikuwa likijirudia shule baada ya shule. Mahali pengine liliishia na «Enterprises», pengine «Ent.», pengine «General Supplies», na mara moja lilikuwa jina la mke wake, lakini TIN, yaani namba ya mlipakodi, ilikuwa ile ile, tarakimu tisa zisizobadilika. Kwenye mchoro wetu wa rangi nzuri huyo alikuwa amelala chini kabisa, kwenye kipande cha «wengineo».

Matokeo yake? Mfanyabiashara wa kwanza aliacha kuagizwa hata na ofisi ambazo hazikuwa na uhusiano na jambo hilo, kwa sababu maafisa ununuzi waliogopa jina lake. Diwani aliyetutetea alizomewa barazani. Na tulipojaribu kueleza habari ya yule wa pili, ambaye ndiye aliyestahili kuulizwa maswali, hakuna aliyetusikiliza tena. Mlango wa mweka hazina uliokuwa wazi kwetu ulifungwa, na umma wa wilaya ile ulipoteza nafasi ya kujua jambo la kweli kwa sababu tuliutangulizia la uongo.

Nina hasira hadi leo na mkufunzi aliyeletwa na shirika moja kutufundisha. Alikuja na slaidi za Uingereza, ambako tangu 2010 serikali iliagiza wizara zitangaze malipo yanayozidi pauni 25,000 na halmashauri zitangaze yanayozidi pauni 500. Huko anayehesabu anahesabu fedha iliyokwisha kutoka. Alichukua hesabu ya malipo akaifundisha juu ya orodha ya mikataba, akatuambia kwamba takwimu za wazi zinajieleza zenyewe, akatoa vyeti, akaondoka. Mtu aliyelipwa kufundisha alikuwa na wajibu wa kuuliza swali moja tu kabla ya kufungua kompyuta: hapa kwenu, ni ununuzi gani usioingia kwenye orodha hii? Kupima wazabuni wa wilaya kwa orodha ya bodi ya zabuni peke yake ni sawa na kupima korosho zote za Tandahimba kwa mizani ya AMCOS moja, yaani chama kimoja cha ushirika cha wakulima.

Umeuliza kuhusu kipimo cha Herfindahl-Hirschman, kinachoonyesha soko limeshikwa na wachache kiasi gani. Ni rahisi: sehemu ya kila mzabuni kwa asilimia unaizidisha kwa yenyewe, kisha unajumlisha, mmoja akishika soko lote unapata 10,000. Wazabuni wanne wenye 40, 30, 20 na 10 wanatoa 3,000. Sasa yule wa 40 akiwa ameandikwa kwa majina mawili yenye 20 kila moja, kipimo kinashuka hadi 2,200 ilhali sokoni hakuna kilichobadilika. Kwa upande mwingine, ikiwa orodha ina shilingi milioni 100 na nyingine milioni 300 zimepita shuleni bila kuorodheshwa, mwenye asilimia 40 kwenye orodha anaweza kuwa na 10 tu ikiwa huko shuleni hakuuza kitu. Majina yaliyogawanyika yanaficha ukubwa wa mtu, na fedha isiyoorodheshwa inaweza kumkuza asiyehusika. Makosa haya mawili yanavuta pande tofauti, kwa hiyo huwezi hata kubahatisha kama namba yako imezidi au imepungua. Ndiyo maana kubishana kuhusu kipimo kabla ya kuijua jumla ni kupoteza muda.

Tenganisheni pia ununuzi ambao umewekwa mikononi mwa mmoja kwa utaratibu wa serikali. Dawa za vituo vya afya zinanunuliwa kwanza Bohari ya Dawa, na zikikosekana zinatafutwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Mafuta ya magari ya serikali yanapitia GPSA, wakala wa serikali wa ununuzi. Ukiyachanganya hayo na viti vya shule, utaona fedha nyingi zimeshikwa na wachache, jambo ambalo hapo halina siri yoyote. Saruji nayo, kwa mikoa yetu yenye kiwanda cha Dangote pale Mtwara, ni kawaida kuona chapa moja kila mahali. La kuuliza ni nani anayeiuza kwa shule na kwa bei gani.

Kama mnataka kulinganisha miaka, kumbukeni kwamba NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, ilichukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Mzabuni anayeonekana kuibuka ghafla baada ya hapo anaweza kuwa wa siku zote, ila kumbukumbu zake za nyuma zimebaki kwenye mfumo wa zamani. Chunguzeni pia kama ununuzi wa shule na zahanati zenu umeingizwa wote kwenye mfumo au baadhi tu.

Ahirisheni kikao. Andikeni barua kwa mkurugenzi kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, mkiomba orodha ya malipo ya mwaka mzima wa fedha yenye jina la mlipwaji, TIN, kiasi, tarehe na namba ya LPO, pamoja na orodha ya fedha zilizopelekwa kwenye akaunti za shule na vituo vya afya. Wakati mnasubiri majibu, gawaneni kata, mwende shuleni mkaombe kuona stakabadhi za kamati za ujenzi, na kila stakabadhi muinakili TIN kabla ya jina. Someni pia ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa kwa mwaka huo huo, muone kama halmashauri yenu imetajwa kwa ununuzi uliofanyika nje ya mfumo au bila ushindani. Jumla ya malipo ikikaribiana na jumla mliyoijenga wenyewe kutoka chini, tajeni asilimia. Ikiwa zimepishana sana, pelekeni kwa madiwani hiyo tofauti yenyewe, bila jina la mzabuni yeyote, na mumtake mweka hazina aeleze fedha hiyo ilipitia wapi.