Seli za ubongo hazioti tena: majibu ya maswali yenu

Barua za ubongo na mishipa ya fahamu zimerundikana, kwa hiyo leo sijibu kitu kingine. Walioeleza umri wa mgonjwa, siku dalili zilipoanza na dawa anazotumia nimewapa nafasi kubwa. Wengine nimewajibu kwa kifupi kwa sababu majibu yao nimeshayaandika hapa zaidi ya mara moja.

Ni kweli binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake? – Mwanafunzi, kidato cha tatu, Njoro

Si kweli. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, yaani karibu asilimia 2 ya mwili, lakini hula takriban asilimia 20 ya nishati yote. Mwili haulishi kiungo kinachokaa bure. Swali hili huja kila mwezi, na najua linatoka wapi: kuna watu wanazunguka shuleni wakiuza vidonge vya “kufungua akili” karibu na mtihani. Usinunue. Lala kwa muda wa saa nane au zaidi, kwa sababu ni usingizini ubongo unapoyapanga uliyosoma mchana. Na walimu wakuu wanaoamsha watoto saa kumi alfajiri kwa masomo ya ziada, nasema nao pia: mnawanyima usingizi uleule unaohifadhi mnachowafundisha.

Baba ana miaka 61. Asubuhi aliamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno hayatoki. Wajomba wanasema ametupiwa kitu kwa sababu ya kesi ya shamba. Tumfanyie nini? – Binti yake, Mumias

Dada yangu, natumai ulipokuwa ukiandika barua hii baba alikuwa tayari kitandani hospitalini. Kama bado yuko nyumbani, acha kusoma, tafuta gari.

Hicho ni kiharusi, na dalili zenyewe zinaonyesha kilipo. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiyo yenye kazi ya lugha pia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alichunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya “tan”. Akakuta jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi vikizimika pamoja, tafuta mshipa wa damu ulioziba au kupasuka upande wa kushoto wa kichwa. Kesi ya shamba ina mahakama yake.

Kati ya viharusi 100, takriban 85 ni vya mshipa kuziba. Vilivyobaki ni vya damu kuvuja. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, hata daktari bingwa. Inatakiwa picha ya CT, yaani ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa. Iko dawa ya kuyeyusha donge la damu, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima. Aliyeamka akiwa hivyo huhesabiwa tangu alipokwenda kulala, ndiyo maana hakuna dakika ya kikao cha ukoo. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika, na hazioti tena kama ngozi inavyoota.

Msimpe aspirini nyumbani, kwa kuwa kama damu inavuja mtaizidisha. Msimpe uji wala chai, koo likiwa limelegea vitaingia mapafuni. Msimpe vidonge vya presha vya jirani. Mlaze kwa ubavu, mpeleke. Hata kama saa zimeshapita, hospitali bado ina kazi kubwa: kudhibiti presha na sukari, kuzuia nimonia, na kuanza mazoezi ya viungo mapema, kwa maana sehemu za ubongo zilizobaki nzima huweza kufunzwa kubeba baadhi ya kazi za zilizokufa.

Na nyinyi mliobaki, ulizeni leo, si siku ya msiba: ni hospitali gani karibu nasi yenye mashine ya CT inayofanya kazi usiku? Andikeni namba yake ukutani. Mdomo ukipinda kisha ukarudi sawa ndani ya dakika chache, msishukuru na kwenda shambani. Hilo ni onyo, na kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya siku chache. Kiini chake hapa kwetu mara nyingi ni presha, na mtu wa presha huacha dawa kwa sababu “najisikia vizuri”. Bila shaka unajisikia vizuri, dawa inafanya kazi.

Wanaotumia mkono wa kushoto ni wasanii kwa kuwa wanatumia ubongo wa kulia? – Gilgil

Hapana. Kila mtu hutumia pande zote mbili, na zimeunganishwa na nyuzi zaidi ya milioni 200. Mwache mtoto aandike kwa mkono wake. Kumchapa hakubadilishi ubongo.

Mimi ni mhudumu wa boda boda hapa Kondele. Abiria wanakataa helmeti, safari yenyewe ni ya kilomita mbili, na polisi hawajali. Kwani kuna haja? – Kisumu

Kijana wangu, haja ipo, na sheria ya trafiki inakudai wewe na abiria wako nyote muivae. Lakini acha nikueleze la ndani ya fuvu, kwa sababu polisi hawatakuwepo utakapoanguka.

Weka kidole kando ya jicho, juu kidogo ya sikio. Pale mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za kichwa, na ndani yake, umebanwa na mfupa, unapita mshipa wa ateri. Ukigonga ukingo wa lami, mfupa hupasuka na kuukata. Mgonjwa huzimia kidogo, kisha huamka. Hujipangusa vumbi, huulizia simu yake, huongea na watu, na umati husema Mungu mkubwa, huyu amepona. Wakati huo damu inajaa polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Fuvu halitanuki. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma zaidi, anatapika, anasinzia ovyo, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Ubongo unasukumwa chini kuelekea shina lake, panapoongozwa pumzi. Akilazwa nyumbani “apumzike”, asubuhi hawamwamshi.

Anayefikishwa mapema hutobolewa fuvu, damu ikatolewa, na wengi hurudi kazini. Kwa hiyo yeyote aliyezimia baada ya kugonga kichwa, hata kwa dakika moja, aangaliwe hospitalini. Maji mepesi yakimtoka puani au sikioni, usiyazibe kwa pamba wala usingoje kesho. Na mnapomnyanyua majeruhi barabarani, msimkunje na kumbana katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Shingo ikiwa imevunjika, mtakata ugwe mgongo, ile nguzo ya neva iliyo ndani ya uti, na mtu aliyekuwa atembee hatatembea tena. Kichwa, shingo na mgongo vibaki kwenye mstari mmoja, mumlaze kwenye ubao au mlango.

Tafiti za nchi nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Hiyo ni helmeti iliyofungwa mkanda kidevuni. Naona zenu zikining'inia kwenye usukani au zimevaliwa kiwikoni. Kiwiko hakina ubongo. Abiria analalamikia harufu na jasho la waliomtangulia, na hapo ana haki: ioshe, weka leso safi ndani. Akikataa bado, mwache atembee.

Kichwa kinaniuma. Ninywe dawa gani? – Barua nyingi, miji yote

Sijui, na hakuna anayeweza kujua kwa maneno hayo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, na madaktari hupasua wagonjwa wengine wakiwa macho wakiongea nao. Kinachouma ni utando wake, mishipa ya damu, misuli ya shingo, meno, macho. Nenda upesi ikiwa maumivu yamekupiga ghafla kuliko yote uliyowahi kusikia, au yamekuja na homa na shingo ngumu, au na kuona ukungu, au yanakuamsha usiku na kutapika. Ukimeza vidonge vya maumivu karibu kila siku, vyenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Dukani hawakuambii hilo.

Binti yangu ana miaka 9 na anaanguka kifafa. Mwalimu anataka akae nyumbani, majirani wanakataza kugusa povu. Tumeshamaliza maombi na waganga. – Mama, Busia

Mama, kwanza povu. Ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa jasho wala kwa kumshika mgonjwa. Uongo huo umechoma watoto wengi, maana anaangukia jikoni kwenye mafiga na waliosimama pale wanaogopa kumvuta.

Seli za neva huzungumza kwa chaji ndogo za umeme. Katika kifafa, kundi la seli hufyatuka pamoja bila mpango, na mwili hufuata. Hakuna pepo anayehitajika katika maelezo hayo. Duniani wako watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo. Dawa moja, fenobabitoni, ni ya zamani na ni ya bei nafuu. Ila itumiwe kila siku. Msiikatize kwa ghafla kwa kuwa mtoto “amepona”, maana atarudiwa na degedege lisilokoma. Daktari hufikiria kuipunguza pole pole baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka.

Kwa kuwa unaishi Busia, nakuongezea jambo hukuuliza. Moja ya sababu za kifafa kwetu magharibi ni tegu wa nguruwe. Watu hudhani hutokana na kula nyama mbichi moja kwa moja. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo tumboni. Kisha mayai hutoka kwenye kinyesi chake, hufika mikononi, kisimani na kwenye sukuma wiki, na anayeyameza ndiye hupata vifuko vya mnyoo ndani ya ubongo. Hata familia isiyogusa nguruwe huweza kupata. Fungieni nguruwe zizini, tumieni choo, nawa mikono kwa sabuni, na mwulize daktari kama binti anahitaji picha ya kichwa.

Mwalimu huyo amwache mtoto darasani, ajifunze tu kumlaza kwa ubavu na kuangalia saa.

Mtoto akipata degedege, tumwekee kijiko asimeze ulimi? – Ahero

Hakuna anayemeza ulimi. Kijiko huvunja meno. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vikali, usimtie kitu mdomoni, na likipita dakika tano ni dharura. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi Kenya, na malaria ikipanda kichwani chembe nyekundu za damu hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo, kwa hiyo kila degedege lenye homa lipimwe malaria siku hiyohiyo. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, Homa Bay. Muulize muuguzi kama mtoto wako amemaliza dozi zote.

Nilikatwa na panga kwenye kigasha, vidole viwili vimekufa ganzi. Hisia zitarudi? – Molo

Huenda. Neva za mikono na miguu, tofauti na ubongo na ugwe mgongo, huweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku, ikiwa ncha zake zimeshonwa pamoja. Kutoka kigashani hadi ncha ya kidole ni miezi mingi, pengine karibu mwaka. Kama ngozi ilishonwa bila neva kuangaliwa, rudi ukaonwe na daktari wa upasuaji sasa. Misuli ikikaa muda mrefu bila neva hunyauka isirudi.

Nyayo zinawaka moto usiku. Mimi ni mzee wa miaka 58. – Bondeni, Nakuru

Pima sukari kesho. Neva ndefu zaidi, zinazotoka kiunoni hadi vidoleni, ndizo sukari huziharibu kwanza. Sababu nyingine ni pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi isipoandamana na vitamini B6. Mpaka ujue, usiote moto miguu, na kagua nyayo zako kila jioni.

Mtoto wa dada yangu amezaliwa mgongo wazi. Wanasema alipita makaburini akiwa mjamzito. – Shangazi, Bungoma

Makaburi hayahusiki. Mrija unaokuwa ubongo na ugwe mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua kama wana mimba. Ukosefu wa asidi ya foliki, aina ya vitamini, ni sababu moja kubwa. Tangu 2012 unga wa viwandani Kenya hutakiwa kuongezwa virutubisho, nayo ikiwemo, lakini unga wa posho tunaosaga mtaani hauna. Kwa hiyo mwanamke anayetarajia kuzaa anywe mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Dada yako, kwa kuwa limeshamtokea, anahitaji dozi kubwa zaidi, ya kuandikiwa. Kama anatumia valproati kwa kifafa amwambie daktari, maana dawa hiyo pia husababisha haya, ila asiiache mwenyewe.

Mtoto afike kwa daktari wa upasuaji siku hizi za kwanza, kidonda kikiwa kimefunikwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, na alazwe kwa tumbo au ubavu. Kichwa chake kipimwe kwa futi kila wiki. Kikikua haraka, maji yanajaa ndani, na hilo nalo lina upasuaji wake.