Binti yangu ameanza kuficha mkono wake, nimwambie nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina binti wa miaka 6. Mkono wake wa kushoto hauna vidole tangu alipozaliwa, una kiganja kifupi chenye vinundu vidogo tu. Zamani alikuwa hajali kabisa. Tangu aanze shule anavuta mkono wa sweta mpaka ukifunike kiganja, na juzi kabla ya kulala aliniuliza, "Mama, vidole vyangu vitaota lini?" Nikamwambia alale, tutaongea kesho. Hiyo kesho bado haijafika. Watu wakimkodolea macho, mimi husimama upande ule ili wasimwone, na kwenye picha tunamweka nyuma ya kaka yake. Najiuliza pia kama tumtafutie mkono bandia mapema, asije akaumia. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na swali la vidole, maana hilo halisubiri. Mjibu leo, na umjibu ukweli: "Havitaota, mwanangu. Mkono wako ulikua hivi ukiwa tumboni, na utabaki hivi." Halafu nyamaza. Usikimbilie kuongeza "lakini". Anaweza kulia, anaweza kukuuliza tena kesho na kesho kutwa, anaweza kurudi kwenye mchezo wake kana kwamba hujasema kitu. Akilia, mpakate umwambie, "Ulitamani viote, eh?" Anayenyamazishwa haraka huelewa kwamba mkono wake ni jambo zito kiasi kwamba hata mama hawezi kulitaja.

Akiuliza kwa nini, mweleze kwa ufupi. Mikono ya binadamu huumbika mapema sana, takriban kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, wakati ambapo akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa baadhi ya watoto mkono mmoja haukamiliki kama mwingine. Daktari aliyemwona ndiye wa kuthibitisha hali yake hasa, ila hali ya namna unayoieleza, ya mkono mmoja tu, kwa kawaida hairithiwi, na haitokani na kazi uliyofanya wala hasira uliyokuwa nayo. Hili nakuambia wewe kwanza. Nimekaa na akina mama wengi wanaojilaumu kimoyomoyo, na watoto wao huliona hilo usoni mwao hata pale lisipotamkwa.

Sasa kuna jambo litakalokuuma kidogo, na nalisema kwa sababu naona unavyompenda. Sweta si yeye aliyelianza. Miaka yote hii amekuona ukisogea kumkinga kila mtu anapotazama, na kila picha inapopigwa anasukumwa nyuma ya kaka yake. Wewe ulikuwa unamlinda na macho ya watu. Yeye alichokiona ni kwamba mkono ukitokea, mama anaufunika. Alipofika shuleni, ambako mama hayupo, akaifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko mikononi mwako. Ushike mkono ule. Mnapovuka barabara, mshike upande wa kushoto pia, si kulia tu. Mkate kucha za kulia, kisha paka mafuta kiganja cha kushoto bila haraka. Utaje kwa jina mnalolichagua nyumbani, yeye akiwa mchaguaji. Wapo wanaouita "mkono mdogo", wapo wanaosema "wa kushoto" basi. Picha ijayo muulize, "Unataka kusimama wapi?" Akichagua nyuma, asimame nyuma. Kilichobadilika ni kwamba amechagua yeye.

Kisha mpe maneno ya kutumia. Watoto wenzake watauliza, na wengi wao hawana ubaya, wanataka tu kujua. Asiyekuwa na jibu hushikwa na aibu, na hapo ndipo sweta linapovutwa. Fanyeni mchezo wa kuigiza: wewe uwe mwanafunzi mgeni, umuulize, "Mkono wako umefanya nini?" Jibu liwe fupi: "Nilizaliwa hivi. Tucheze?" Mfundishe na jibu la pili, lenye uzito uleule: "Leo sitaki kuongelea mkono wangu." Hana deni la maelezo kwa kila anayepita. Kejeli na kuonewa ni suala jingine kabisa. Hilo ni lako na mwalimu, na mtoto wa miaka 6 asiambiwe avumilie wala ajitetee peke yake. Zungumza na mwalimu mapema, ila muulize binti kwanza kama anapenda darasa lielezwe, na nani aeleze.

Juu ya mkono bandia, huenda jibu langu likakushangaza. Kwa mtoto mwenye mkono mmoja kamili, ule wa kuvaa ili uonekane una vidole mara nyingi humpunguzia uwezo. Kiganja chake kifupi kina ngozi inayohisi joto, ukali na kuteleza kwa kitu. Ukikivisha plastiki, umekifunga macho. Ndiyo maana watoto wengi huvua na kuutupa pembeni, tena wanakua upesi na unakuwa hauwatoshi. Kuna vifaa vya kazi maalumu, kama cha kushikia usukani wa baiskeli au cha kupigia ala ya muziki, na hivyo husaidia kweli akiwa na jambo analotaka kulifanya. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kufanya shughuli zake za kila siku, atampima na kujaribu naye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 7, unasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na mkono wake ni la kwanza kati ya hayo. Siku akiuomba mkono bandia mwenyewe, tutazungumza vingine.

Wakati huo mwache afanye kwa njia yake. Nakumbuka mvulana aliyekuwa na kopo la rangi mezani kwangu. Mkono wa mama yake ulikuwa umeshanyooka kulifungua, nikamwomba asubiri. Mtoto alilibana kopo katikati ya magoti, akaegemeza kiganja kifupi pembeni, akazungusha mfuniko kwa mkono mwingine. Ilichukua kama dakika nzima, na mama alikuwa ameuma midomo. Hatukumpigia makofi. Nilimuuliza tu, "Umejuaje kutumia magoti?" akanieleza kwa kirefu. Msifu kwa namna hiyo, kwa mbinu aliyoigundua, si kuitwa shujaa kwa sababu amefunga zipu.

Natalia Partyka wa Poland, aliyezaliwa bila kiganja cha kulia na sehemu ya mkono huo chini ya kiwiko, huuweka mpira wa tenisi ya meza kwenye mkunjo wa kiwiko anapoanzisha mchezo. Alishiriki Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 11, na mwaka 2008 kule Beijing akacheza Olimpiki na Paralimpiki zote mbili. Mwonyeshe video zake ili aone kile kiwiko kinavyofanya kazi. Usimwambie "nawe utakuwa bingwa". Ana haki ya kuwa mtoto wa kawaida anayecheza vibaya.

Mlete kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto kama kwa wiki mbili au zaidi anakataa shule, halali vizuri au ameacha michezo aliyoipenda. Akilalamika maumivu ya bega au mkono wa kulia, aonwe na daktari, kwani huo unabeba kazi nyingi.

Sweta mwachie. Usimvue kwa nguvu wala usimkumbushe kulivaa. Siku akilisahau mlangoni, usishangilie, tokeni hivyohivyo.