Mwenye deni la dola asingojee siasa za Uingereza

Nunua hizo dola wiki hii, ndugu mleta uzi, kisha urudi hapa unitukane kama pauni itapanda.

Umeeleza kwamba unaishi Leeds, kwamba akiba yako yote iko katika pauni, na kwamba unadaiwa salio la lori lililokwisha tumika ulilolinunua Dubai, ambalo muuzaji anataka alipwe kwa dola kabla ya kulipakia melini. Unauliza kama ungoje kwanza, kwa kuwa tangu mkutano wa London wa Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya wanazungumza tena kwa upole, na kuna mtu amekuhakikishia kwamba ukaribu huo utaipandisha pauni. Umeuliza pia kuhusu ushuru utakaolipwa bandarini Dar es Salaam, na kama ni afadhali lori liandikwe kwa jina la mdogo wako. Hayo mawili nawaachia wanaoyajua; mimi najibu la dola tu.

Huyo aliyekuhakikishia namjua kwa tabia, ingawa simjui kwa sura, kwa sababu mwenzake alinishika mkono mwaka 2016 akanipeleka hadi shimoni.

Wakati huo nilikuwa naishi Reading, nikiwa na pauni 40,000 zilizotokana na miaka ya zamu za usiku, na nilikuwa nimekubaliana na mzee mmoja wa Goba, Dar es Salaam, kuinunua nyumba yake. Nilikwishampa fedha kidogo za kuonyesha nia, zikabaki dola 58,000 za kulipwa kabla ya mwisho wa Oktoba. Siku hizo wauzaji wengi wa Dar es Salaam walipanga bei kwa dola, jambo ambalo kanuni za mwaka 2025 zimelipiga marufuku. Katika wiki ya kura ya maoni, Waingereza walipoulizwa kama wabaki katika Umoja wa Ulaya au watoke, pauni moja ilikuwa inanunua takriban dola 1.47, maana yake akiba yangu ilikuwa na thamani ya dola 58,800, na zile 800 za ziada zilitosha kumlipa wakala. Nyumba ilikuwa imekwisha kulipika. Nilichotakiwa kufanya ni kuidhinisha muamala tu, nami sikuuidhinisha kwa sababu nilitaka na uzio. Nilipiga hesabu kwamba Waingereza wakichagua kubaki, pauni itafika 1.55, nami nitakuwa na dola 62,000, nijenge uzio na kubakiza fedha ya mbuzi wa kuwakaribisha majirani.

Hesabu ambayo hakuna aliyenionyesha ni hii. Juni 16 pauni ilikuwa karibu dola 1.41, na katika siku chache zilizofuata ilipanda kwa kasi kwa sababu wafanyabiashara wa fedha walikwisha kuamini kwamba upande wa kubaki utashinda. Hata kampuni za kamari ziliupa upande huo uwezekano wa zaidi ya asilimia 80. Ushindi niliokuwa naungoja ulikuwa umeshaingizwa ndani ya bei. Kama ungetokea kweli, ningeongezewa senti chache kwa kila pauni. Kama usingetokea, ningepoteza zaidi ya senti kumi. Mtu mwenye akili timamu hakubali dau la namna hiyo kwa fedha ambazo tayari zina mwenyewe, na zangu zilikuwa za yule mzee wa Goba.

Vituo vya kupigia kura vilipofungwa saa nne usiku, Juni 23, uchunguzi wa maoni wa kampuni ya YouGov uliwapa wanaotaka kubaki asilimia 52, Nigel Farage mwenyewe, kinara wa kampeni ya kuondoka, akasema inaelekea upande wa kubaki utapita kwa tofauti ndogo, na pauni ikagusa 1.50. Nilimtumia ujumbe fundi wa uzio. Muda mfupi baada ya saa sita mji wa Sunderland ukatangaza asilimia 61 kwa kuondoka, pauni ikaanza kuteremka mbele ya macho yangu, na ilipofika saa kumi na dakika arobaini alfajiri BBC ilikuwa imekwisha kutamka kwamba Uingereza inatoka. Matokeo rasmi yalikuwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Waziri Mkuu David Cameron alitangaza asubuhi hiyo kwamba atajiuzulu, na pauni ikafika karibu 1.32, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985.

Wengi wakisimulia habari ya Brexit, yaani huko kutoka kwa Uingereza, huishia usiku huo, lakini hasara yangu kubwa ilikuwa bado haijazaliwa. Ijumaa jioni pauni ilijikongoja hadi karibu 1.37. Kama ningeuza pale pale ningepata dola 54,800, nikapungukiwa 3,200, pengo ambalo lingezibwa na zamu za ziada na aibu ya wastani. Badala yake nilijiambia kwamba bei halali ya pauni ni 1.47, kwamba yote niliyoyaona ni taharuki, na kwamba hali ikitulia itarudi mahali pake. Hili ndilo kosa ninalokuona ukilikaribia, kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa urefu.

Mwanzoni mwa Julai pauni ilishuka chini ya 1.30. Nikasema tatizo ni ukosefu wa kiongozi: Boris Johnson alikuwa amejitoa kwenye kinyang'anyiro cha kumrithi Cameron Juni 30, na wabunge wa chama cha upinzani cha Labour walikwisha kupiga kura 172 kwa 40 za kutokuwa na imani na kiongozi wao, Jeremy Corbyn, kwa hiyo serikali na upinzani wote walikuwa wanachakazana ndani kwa ndani. Nikangoja apatikane waziri mkuu. Theresa May akaingia madarakani Julai 13, na pauni haikurudi. Agosti 4 Benki Kuu ya Uingereza ikapunguza riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25, hatua iliyowaambia wote wenye kusikia kwamba fedha hiyo itakuwa na faida ndogo zaidi kwa anayeishika. Mimi nikasikia kwamba serikali inashughulikia. Septemba ikapanda hadi karibu 1.34, nikamgeukia mke wangu na kumwambia, "Umeona?" Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kuuza, nami niliitumia kujisifu.

Oktoba 2, kwenye mkutano wa chama chake huko Birmingham, Theresa May alitangaza kwamba mchakato wa kisheria wa kutoka, yaani Kifungu cha 50, utaanzishwa kabla ya mwisho wa Machi 2017, na akazungumza kuhusu udhibiti wa uhamiaji kwa namna iliyowafanya wafanyabiashara wa fedha waone kwamba Uingereza itatoka hata kwenye soko la pamoja la Umoja wa Ulaya. Siku tano baadaye, wakati Ulaya imelala na soko la Asia ndilo lililo wazi, pauni iliporomoka kwa dakika chache hadi chini ya 1.20 kabla ya kurudi kidogo. Nilikuwa usingizini, na hadi leo nauhesabu usingizi ule kuwa uamuzi wangu bora wa kifedha kwa mwaka mzima, maana ningekuwa macho ningeuza pale pale kwenye sakafu. Niliuza katikati ya mwezi kwa 1.22 na kupata dola 48,800. Kura iliniachia pengo la dola 3,200. Kungoja kukaongeza 6,000 juu yake. Dada yangu, aliyenikopesha, bado hunitambulisha kwa wageni kama mtaalamu wa fedha za kigeni.

Wala haikuwa taharuki. Nchi yenye pengo kubwa la malipo na dunia ya nje, iliyotegemea wageni walete fedha zao kila mwaka, ilikuwa imetangaza kwamba itaweka vizuizi kati yake na soko lake kubwa kuliko yote, na riba yake ikapunguzwa juu ya hayo. Bei mpya ilikuwa na sababu zake. Tangu usiku ule pauni haijafika tena 1.50; Aprili 2018 ilipita 1.43, watu wa aina yangu wakaanza kuimba, ikashuka tena.

Sasa niruhusu nimseme wakala wa duka la kutuma fedha aliyeniambia, kila nilipopita dukani kwake, kwamba pauni ni pauni na itarudi tu. Alikuwa anakata kamisheni yake nikituma leo au nikituma kesho, na bado akanipa ushauri kama baba mdogo. Kulikuwa pia na mchambuzi wa kundi letu la WhatsApp, ambaye alirekodi sauti ndefu zenye maneno ya kitaalamu, na Oktoba ilipofika akahamia kwenye mada ya kilimo cha matikiti. Hata serikali ilikuwa na msimamo kuliko mimi: Julai ile ile Tanzania ilitangaza kwamba haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ikitaja mtikisiko wa kutoka kwa Uingereza miongoni mwa sababu zake, na Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 1. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu nani alikuwa sahihi, lakini wote waliamua. Aliyebaki anangoja Afrika Mashariki nzima nilikuwa mimi.

Utaniambia kwamba wewe unafuatilia habari kwa makini na utajua wakati wa kuuza. Basi sikiliza. Januari 17, 2017, Theresa May alisimama kwenye jumba la Lancaster House, London, na kusema wazi kwamba Uingereza itatoka kwenye soko la pamoja, habari ile ile iliyoiangusha pauni Oktoba, na siku hiyo pauni ikapanda kwa takriban asilimia 3, kwa sababu soko lilikuwa limeshajiandaa kwa ubaya huo na yeye akaongeza ahadi kwamba Bunge litapigia kura makubaliano ya mwisho. Januari 15, 2019, Bunge liliyakataa makubaliano yake na Umoja wa Ulaya kuhusu namna ya kutoka, kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo kikubwa kuliko vyote kwa serikali ya Uingereza katika zama hizi. Pauni ilishuka kabla ya kura na kupanda baada yake, kwa kuwa watu walihesabu kwamba sasa kutoka bila makubaliano kumekuwa kugumu zaidi. Mtu angeweza kubashiri siasa kwa usahihi wote na bado akapoteza fedha. Na huko kutulia unakokungoja hakukuja: nchi ilitoka rasmi Januari 31, 2020, na tangu Cameron aondoke wameingia May, Johnson, Truss, Sunak na Starmer. Septemba 2022, siku chache baada ya bajeti ndogo ya Truss, pauni iligusa karibu dola 1.03, chini kuliko wakati wowote katika historia yake, na Brexit ilikuwa imekwisha pita zamani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia hata ukichoka: deni likishajulikana kiasi chake, fedha yake na tarehe yake, nunua fedha hiyo siku hiyo hiyo, na usiweke kura, mkutano wala hotuba kati ya akiba yako na deni lako. Kama pauni zako zote hazijafunguka benki, zipo kampuni za kubadilisha fedha nchini Uingereza zitakazokuwekea mkataba wa kununua dola kwa bei ya leo na kuzipokea tarehe ya malipo, kwa amana ya sehemu ndogo ya kiasi chote. Uliza mapema ni lini wanaweza kukudai amana zaidi, maana pauni ikipanda sana watakudai, na pia kubali moyoni kwamba ikipanda hutafaidika. Hasira ya kukosa faida hiyo utailala. Bei ya lori unaijua leo, pauni za kulilipa unazo leo, na muuzaji wa Dubai hana habari na Umoja wa Ulaya.

Zikibaki pauni baada ya kumlipa, hizo zichezee utakavyo, na huyo mshauri wako mwombe aweke za kwake kwanza.