Kuhusu hiyo simu yako, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mizigo inapotea ghalani, na sasa bosi anataka umfungulie simu asome ulichoandikiana na watu. Unaniuliza: "Baba, nikikataa si ndiyo nimejitia hatiani?"

Hapa Louisville, Marekani, aliwahi kukataa mtu hivyohivyo. Mzee mmoja tunayefanya naye zamu ya usiku, mpenzi mkubwa wa besiboli (ule mchezo wa Wamarekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo), ndiye aliyenisimulia habari za Bill Craver, mchezaji wa zamani, nami nikaenda maktaba kuzifuatilia. Craver alizaliwa Troy, New York. Mwaka 1877 aliichezea timu ya Louisville Grays, akisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mipira ya chini inapopita kwa kasi. Zama hizo wengi walidaka kwa mikono mitupu.

Agosti timu ilikuwa inaongoza ligi. Ghafla ikaanza kupoteza mechi mfululizo, mipira rahisi ikiponyoka mikononi, hata timu ya Boston ikachukua ubingwa. Viongozi wa klabu wakashuku na kumtaka kila mchezaji aruhusu telegramu zake zisomwe. (Si wazee wetu waliiita simu ya maandishi? Basi ni simu kwa simu.) Katika zilizofunguliwa mlikuwa na neno "sash", ishara ya wacheza kamari kwamba mechi imeuzwa. Jim Devlin, mrushaji wao hodari, akakiri. George Hall naye akakiri. Al Nichols akanaswa na telegramu zake.

Craver alikataa katakata zake zisiguswe. Ushahidi kwamba aliuza mechi haukupatikana, lakini alifungiwa kucheza maisha pamoja na wale watatu, akiwa na miaka 33. Kosa lake likaandikwa kuwa ni ukaidi na mwenendo mbaya. Misimu 7 ya ligi kubwa ikaishia hapo.

Nisikufiche jambo: alikuwa na doa tangu zamani. Timu ya Chicago ilishamfukuza mwaka 1870. Kwa hiyo alipofunga mdomo, watu walikwisha kujijazia majibu. Wewe jina lako ghalani ni safi, na hilo ndilo ninalolitegemea.

Mimi ningekubali nusu. Waandike kwenye karatasi wanachotafuta na cha tarehe zipi. Wasome mambo ya kazi tu, simu ikiwa mkononi mwako, na shahidi unayemwamini awepo. Uliyoandikiana na mama yako hayawahusu. Wakitaka simu yote, kataa, na sababu uiandike usiku huohuo wakati bado unaikumbuka vizuri.

Kule kambini mizigo yetu ilipekuliwa mara nyingi, nami nikanyamaza kila mara kwa kuogopa kuonekana nina cha kuficha. Hata leo naona mikono ile ikikunjua kanga za mama yako.

Craver alirudi Troy, na unajua akawa nani? Polisi! Nilipolisoma hilo maktaba nilicheka peke yangu hadi watu wakageuka. Alifariki mwaka 1901, bado amefungiwa kucheza.

Nipigie kabla hujaingia kwa bosi, hata kama nimelala.

Baba yako