Meli nyepesi, bahari chafu: kwa nini USS Spence ilipinduka?

SWALI: Salamu, mhandisi. Nimesoma kwamba tarehe 18 Desemba 1944 kimbunga kiliipindua USS Spence, destroya (manowari ndogo yenye kasi) ya Marekani ya aina ya Fletcher, mashariki ya Ufilipino. Wanasema ilikuwa imebakiza mafuta kidogo sana. Hapo ndipo ninapokwama: meli ikiwa nyepesi si ndiyo inaelea vizuri zaidi? Na kama muundo wake ulikuwa mbovu, kwa nini walijenga 175 za namna hiyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, kuelea ni jambo moja, kusimama wima ni jingine. Hapo Tanga unaweza kumuuliza nahodha yeyote wa jahazi kwa nini akishateremsha shehena hathubutu kurudi bila farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Chombo kitupu kinaelea sana, ila kinakwenda mrama kwa upepo ambao kikiwa na mzigo kisingeujali.

Fletcher ilikuwa na urefu wa karibu mita 115 na upana wa mita 12 tu. Ni nyembamba kama mshale, kwa sababu ilitakiwa ikimbie zaidi ya noti 35 kwa mitambo ya mvuke ya nguvu-farasi 60,000. Bila mafuta na maji ilikuwa na uzito wa tani 2,050 hivi. Mafuta yenyewe, karibu tani 490, yalikaa kwenye matangi ya chini, upande wa mkuku, ule uti wa chini wa meli. Juu ya sitaha kulikuwa na mizinga mitano ya milimita 127, mirija kumi ya topido, dohani mbili, na juu ya daraja la nahodha kifaa kizito cha kulengea shabaha.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua meli ya tani 2,800, uitoe tani 400 za mafuta ambazo zilikuwa mita 3 chini ya kitovu cha uzito. Zidisha 400 kwa 3, gawanya kwa tani 2,400 zilizobaki: kitovu cha uzito kimepanda nusu mita. Kwa meli yenye upana wa mita 12, nusu mita ni nyingi mno. Uwezo wake wa kujiinua baada ya kulala upande umepungua vibaya. Wakati huohuo meli imepanda juu majini, kwa hiyo upepo una ubavu mkubwa zaidi wa kusukuma. Na mafuta yaliyobaki kwenye tangi lisilojaa hukimbilia upande uliolala, yakaongeza uzito palepale usipotakiwa.

Dawa yake inajulikana: unajaza maji ya bahari kwenye matangi matupu. Basi kwa nini Spence haikufanya hivyo? Kwa sababu maji ya chumvi yakichanganyika na mafuta ni balaa kwa boila, na kabla ya kupokea mafuta mapya lazima uyatoe yote kwa pampu, kazi ya masaa. Tarehe 17 Spence ilikuwa ikisubiri mafuta, kwa hiyo ilishatoa farumi yake. Ikasogea ubavuni mwa manowari kubwa New Jersey, lakini bahari ilikuwa imechafuka, mipira ya kupitishia mafuta ikakatika, na zoezi likaahirishwa. Asubuhi ya tarehe 18 ikawa katikati ya kimbunga na asilimia 15 hivi ya mafuta. Kuanza kujaza maji saa hizo ni kuchelewa. Maji yakaingia ndani, swichi za umeme zikapiga shoti, usukani ukakwama umekatwa kushoto kabisa. Ikalala, haikuinuka. Kati ya mabaharia zaidi ya 300 waliokolewa 24.

Ushahidi kwamba shida haikuwa muundo peke yake uko hapohapo. Hickox, nayo Fletcher, na Maddox, ya aina mpya ya Sumner, zilikuwa na upungufu huohuo wa mafuta. Zilijazwa maji ya bahari, zikaokoka. Meli nyingine mbili zilizozama siku ile, Hull na Monaghan, zilikuwa za aina ya zamani ya Farragut, na mimi hizo ndizo ningezilaumu kwa muundo. Mwenzao Dewey alilala mpaka nyuzi 75 hivi, dohani moja ikang'oka, akarudi salama. Kwa jumla walikufa watu wapatao 790.

Ila sitaisafisha Fletcher moja kwa moja. Mwaka 1939 destroya mpya za aina ya Sims zilipopimwa zilionekana zimezidi uzito, tena uzito wa juu, na fedheha ile ilichangia idara mbili za uundaji wa meli kuunganishwa mwaka 1940. Waliochora Fletcher waliamua kuacha nafasi: bodi kubwa zaidi, sitaha moja iliyonyooka kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa yake kuu, kuliko kasi wala mizinga. Lakini vita viliila nafasi hiyo kidogo kidogo. Kila ndege ya adui iliyoongezeka ilileta mizinga mingine ya milimita 40 na 20, pamoja na rada, risasi, na watu wa kuvihudumia, na karibu vyote vilipachikwa juu. Ndiyo maana meli za baadaye zilipewa daraja la nahodha lililo fupi, na mwaka 1945 baadhi zikang'olewa mirija mitano ya topido ili zibebe mizinga zaidi dhidi ya kamikaze, marubani wa Kijapani waliojirusha na ndege zao kwenye meli.

Kuhusu zile 175: vitani zilizama 19, na baadhi ya zilizobaki zilipewa au kuuzwa kwa mataifa mengine, kuanzia Ugiriki na Uturuki hadi Brazili. Meksiko iliistaafisha ya mwisho mwaka 2001. Chombo kibovu hakitumikishwi karibu miaka 60. Spence yenyewe haikuwa mgeni wa misukosuko. Novemba 1943 ilipigana usiku kwenye ghuba ya Empress Augusta na tena karibu na rasi ya St. George, kote huko Pasifiki ya kusini, chini ya Arleigh Burke, kamanda wa kikosi chake cha destroya.

Ukitaka kuitambua pichani, tafuta namba 512 omoni. Daraja lake ni lile la mwanzo, refu na la mviringo kwa mbele; zenye daraja fupi la pembe nne ni za baadaye.